Usiikanyage Gia Iliyokwama

  Sijaandika hapa kwa wiki mbili na wengine mmeniuliza kama niko salama. Niko salama. Nilikuwa na kazi kwa fundi wa pikipiki, na huko Mungu alinifundisha jambo ambalo sikulipata chuo cha Biblia. Nitakueleza bila kujificha, kwa sababu linanihusu mimi kabla halijakuhusu wewe.

Baba yetu alituachia pikipiki, Honda CG 125. Wazee wa kahawa huku kwetu wanaijua vizuri. Honda walianza kuitengeneza miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kukaa muda mrefu bila kubadilishiwa oili. Hata leo, boda boda nyingi unazopanda zina injini iliyoigwa kutoka kwa ile. Baba aliiendesha kwenda kiwanda cha kahawa, sokoni na kanisani. Alipofariki, ikabaki chini ya mparachichi nyumbani, upande wa Othaya.

Mimi nilikuwa na pikipiki. Ndugu yangu mkubwa alikuwa na ufunguo na logibuku. Hakuna aliyetaka kumpa mwenzake. Ikakaa pale miaka 6.

Mwezi wa saba mwaka huu, katika ile baridi na ukungu wetu, niliamua kuifufua. Sikutaka kumuuliza ndugu yangu chochote. Nilisema nitaitengeneza kwanza, halafu tuone atasema nini. Nikajaribu kuisukuma, gurudumu la nyuma likakataa kuzunguka. Nikakanyaga gia, ikakataa kusogea. Nikatafuta bomba la chuma, nikalivika kwenye mkono wa gia ili nipate nguvu zaidi, nikakanyaga kwa uzito wangu wote. Kitu kikalia ndani. Nikafurahi, nikidhani imeachia. Haikuwa imeachia.

Tuliipakia kwenye pikapu mpaka Nyeri mjini, kwa mzee mmoja wa jua kali ambaye vijana wote humwita Guka. Nilimwambia, "Guka, injini imekufa." Akanitazama, akasema, "Pasta, ngoja kwanza tujue kilichokwama ni nini."

Akatoa cheni. Gurudumu likazunguka bila shida, kwa hiyo haikuwa breki. Akafungua kifuniko cha upande wa klachi. Sahani za klachi zilikuwa zimegandana, akazitoa zote. Akageuza injini kutoka upande wa pili, nayo pistoni ikapanda na kushuka vizuri. "Unaona?" akaniambia. "Injini iko hai. Giaboksi ndiyo imeshikwa." Mimi nilikuwa nimeshatangaza kifo cha kitu kilicho hai.

Halafu akafungua nati ya chini ya kumwagia oili. Kwanza yalitoka maji. Baadaye ikatoka oili nyeupe kama chai ya maziwa. Katika pikipiki hii injini na giaboksi hutumia oili moja, karibu lita moja tu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiingia hushuka mpaka chini kabisa na kukaa pale, yakila chuma polepole. Yalikuwa yameingilia pale pa kujazia oili. Kile kifuniko chenye kijiti cha kupimia hakikuwepo, na mtu alikuwa ameziba shimo kwa kitambaa. Kitambaa hakizuii mvua. Kinainywa na kuipeleka ndani.

Guka akachanganya dizeli na oili, akaijaza giaboksi, akasema tungoje. Nilimuuliza kwa nini asigonge kidogo kwa nyundo. Akanieleza kwamba nyumba ya giaboksi ni alumini, na alumini hupasuka. Na gia hubadilishwa kwa kuteleza juu ya shafti yake, kidogo sana, ikisukumwa na uma mdogo wa chuma. Kutu ikishajaa katikati ya gia na shafti, ukilazimisha, huondoi kutu. Unavunja kile kinachosukuma.

Kila asubuhi baada ya maombi nilipita pale. Alikuwa anakanda ile nyumba kwa matambara yaliyolowa maji moto, kwa sababu alumini ikipata joto hutanuka kuliko chuma na kukipa chuma nafasi. Kisha anashika sproketi kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo. Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili, hakuna. Siku ya 6 ilisogea kama upana wa ukucha. Siku ya 9 ikazunguka.

Nikasema, "Haleluya, turudishe tuondoke!" Akakataa. Alisema kitu kuzunguka si kupona, kwamba ile kutu iliyobanduka itasaga beringi zote tukiifunga hivyo. Akaipasua injini yote, akapanga vipande juu ya gunia. Beringi zilikuwa zimekwisha, nazo nilitarajia. Kisha akaokota uma mmoja, akaniwekea mkononi. Ulikuwa umepinda.

"Pasta," akasema, "huu haukupindwa na kutu. Umepindwa na mguu."

Mpendwa, nilitoka pale nikakaa kwenye gari langu muda mrefu. Sikuwa nafikiria pikipiki.

Nakuambia sasa kitu ambacho washirika wangu wengi hawakijui. Baada ya kumzika baba, tulikaa kikao cha familia kuhusu kipande cha shamba kilicho upande wa mto. Mimi na ndugu yangu hatukuelewana. Hilo hutokea katika kila familia, lingeweza kuzungumzwa. Lakini mimi nilitaka lisogee siku hiyo hiyo. Nikasimama mbele ya mama na shangazi zetu, nikafungua Mwanzo 25, nikamwita ndugu yangu Esau, mtu wa kuuza urithi wake kwa sahani ya chakula. Nilichukua Neno la Mungu nikalifanya bomba la kuongezea mguu wangu nguvu. Yeye aliinuka, akaondoka, akarudi kwake Nanyuki. Miaka 6 nimekuwa nikiwaeleza watu kwamba ndugu yangu ana moyo mgumu. Tena nimewahubiria ninyi msamaha, zaidi ya mara moja, nikiwa na hali hiyo.

Kutu ilikuwepo kweli. Lakini uma niliupinda mimi.

Jioni ile nilifungua Mwanzo tena, safari hii nikasoma mpaka sura ya 33. Yakobo anarudi nyumbani kwa hofu, ametanguliza zawadi, anainama mara saba njiani. Na ni nani anayekimbia? Ni Esau. Esau ndiye anayekimbia kumlaki, anamkumbatia, wanalia pamoja. Nilimwita ndugu yangu jina hilo bila kukumbuka kwamba katika hadithi yenyewe Esau ndiye aliyeanza kufungua mikono.

Asubuhi nilipanda matatu ya Nanyuki, ule uma ukiwa mfukoni. Tulipita Kiganjo, tukapita Naro Moru, mlima ukiwa upande wa kulia umefunikwa na mawingu. Nilijaribu kutayarisha maneno kama ninavyotayarisha mahubiri, nikashindwa.

Alinifungulia mlango akasema, "Pasta." Si kwa heshima. Nikauweka uma juu ya meza, nikamwambia ni wa pikipiki ya baba, kwamba niliupinda kwa kulazimisha, na kwamba nilimfanyia yeye vivyo hivyo mbele ya mama yetu. Nikamwomba msamaha. Sikuongeza "lakini."

Alikaa kimya. Mke wake akaleta chai, ikapoa. Kisha akaingia chumbani, akarudi na bahasha. Ndani kulikuwa na logibuku, ufunguo, na kifuniko cha oili chenye kijiti chake.

Akasema, "Siku ile kabla ya kikao nilikuwa napima oili. Nilitaka niiwashe, tusikie sauti yake. Mkaniita ndani. Nikaziba kwa kitambaa, nikatia kifuniko mfukoni, nikijua narudi." Akanyamaza. "Nilipofika hapa nikakiona mfukoni. Nikasema acha inyeshewe."

Tulitazamana. Mmoja aliacha mvua iingie, mwingine akakanyaga. Ndipo akaniita mwana wa mama, kama ndugu wanavyoitana kwetu.

Sitaki kukudanganya kwamba kila kitu kimekwisha. Guka alipata uma mwingine Karatina, kwenye injini kuukuu ya aina ile ile, na pikipiki sasa inawaka, ila gia ya pili bado inaguna. Shamba nalo bado. Tumekubaliana kumwita mpimaji na wazee, na siku hiyo nitaiacha Biblia yangu kwenye gari, kwa sababu nimejijua. Lakini Jumapili iliyopita ndugu yangu alinipigia simu akauliza kama nimebadilisha oili. Kwa miaka 6 sikuwa nimesikia sauti yake ikiniuliza kitu.

Sasa wewe. Kuna uhusiano uliouita mfu. Huenda ni mtoto wako ambaye hapokei simu, huenda ni mama mkwe, huenda ni mtu mnayeketi naye kanisa moja na kupita milango tofauti. Sisemi urudi mahali unapopigwa au kudhulumiwa. Kama ni hivyo, njoo utuone, tutasimama nawe. Nazungumza na wewe ambaye umekuwa ukikanyaga.

Kabla hujasema imekufa, chunguza kilichokwama hasa. Mara nyingi si upendo, ni neno moja lililoshuka likatulia chini. Limwage kwanza. Kisha vumilia zile siku ambazo hakuna kinachosogea, na usichukue nyundo. Na ukipata uma uliopindwa na mguu wako mwenyewe, upeleke. Katika Mathayo 5:23-24 Bwana anatuambia tuiache sadaka pale pale madhabahuni, twende tukapatane na ndugu kwanza. Mimi nilitoa sadaka miaka 6 nikiruka hatua hiyo.

Tuombe. Baba wa mbinguni, tusamehe pale tulipotumia Neno lako kumkanyagia ndugu. Toa maji yaliyokaa chini ya mioyo yetu. Tupe uvumilivu wa siku 9, na ujasiri wa kupanda matatu siku ya 10. Kwa jina la Yesu, Amina.

Huna haja ya kuandika jina la mtu hapa. Mpigie. Tuonane Jumapili, mbarikiwe.