Tajiri aliyefukuzwa na bilioni mbili mfukoni

Los Angeles, California

Kaka Shabani,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Unasema kijiweni hapo Morogoro mmebishana mpaka kahawa ikapoa juu ya ile tamthilia ya mzee mwenye timu ya mpira wa kikapu, yule aliyerekodiwa akiwasema vibaya watu weusi. Na wewe, kama kawaida yako, umeng'ang'ania jambo moja tu: mwenye mali anafukuzwaje kwenye mali yake? Jibu fupi ni kwamba alinyang'anywa kiti, timu ikauzwa, na fedha zikaenda kwenye familia yake. Jibu refu linahitaji barua, nami leo sina zamu.

Mzee mwenyewe ni Donald Sterling, wakili aliyejitajirisha kwa majengo ya kupangisha hapa Los Angeles. Timu ya Clippers aliinunua mwaka 1981 ikiwa bado San Diego, kwa dola milioni 12.5, na mwaka 1984 akaihamishia huku bila ridhaa ya ligi. Miaka mingi ilikuwa timu ya kuchekwa. Halafu tarehe 25 Aprili 2014 mtandao wa TMZ, unaoishi kwa umbea wa mastaa, ukatoa sauti yake akimgombeza mwanamke aliyekuwa rafiki yake. Kosa la mwanamke huyo ni kupiga picha na Magic Johnson, gwiji mweusi wa mpira wa kikapu, na kuiweka hadharani. Mzee akamwambia asiwalete watu weusi kwenye mechi zake. Mechi zake, Kaka, za timu ambayo karibu wachezaji wote na kocha wao, Doc Rivers, walikuwa weusi.

Siku mbili baadaye timu ilikuwa Oakland kucheza na Golden State Warriors. Wachezaji walivua mashati ya kupashia moto, wakayabwaga katikati ya uwanja, wakabaki na fulana walizovaa ndani nje ili jina la timu lisisomeke. Walifungwa 118 kwa 97. Wadhamini wakaanza kukimbia. Tarehe 29 kamishna wa ligi, Adam Silver, ambaye hata miezi mitatu kwenye kiti hicho alikuwa hajamaliza, akamfungia Sterling maisha na kumtoza faini ya dola milioni 2.5, kiwango cha mwisho ambacho katiba ya ligi iliruhusu. Ilikuwa siku ya nne tangu sauti itoke. Baadaye ilijulikana kwamba wachezaji wa Warriors walikuwa wamejipanga kutoka uwanjani iwapo adhabu ingekuwa nyepesi.

Waambie kijiweni kwamba mtoto wa Dar es Salaam aliponea chupuchupu kuwa mwajiriwa wa mzee huyu. Mwaka 2009 Clippers ndio waliokuwa na zamu ya kwanza ya kuchagua vijana wapya. Wakamchukua Blake Griffin. Wa pili kuitwa, na timu ya Memphis, alikuwa Hasheem Thabeet wetu. Griffin baadaye aliandika jinsi Sterling alivyomwalika kwenye tafrija yake ya mavazi meupe huko Malibu, akamshika mkono na kuanza kumzungusha kwa wageni mmoja mmoja, wamwone. Kijana anataka kuuchomoa mkono, mzee haachii. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria Hasheem na urefu wake wote ule, naye anaongozwa kwa mkono kati ya watu wenye glasi. Masika yale ya 2014 alikuwa Oklahoma City, timu iliyowatoa Clippers mashindanoni mwezi Mei.

Lakini maneno ya picha na Magic Johnson, ingawa ndiyo yaliyorushwa kila saa, mimi hayakunikaa sana. Kuna sehemu nyingine ya mazungumzo yale ambapo mwanamke anamuuliza kama anajua kuwa wachezaji wake ni weusi. Anajibu kwamba yeye ndiye anayewapa chakula, nguo, magari na nyumba. Anauliza nani anayeufanya mchezo uwepo: yeye, au wao? Hapo, Kaka, ubaguzi na utajiri vimekaa kwenye kiti kimoja. Mzee anaamini kwa dhati kwamba anawalisha watu ambao kila mwenye macho anaona ndio wanaomlisha yeye. Na wenzake wenye timu, waliojitenga naye mbiombio kwa matamko ya kulaani, sidhani kama kwenye sehemu hiyo walitofautiana naye sana.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo lililotokea miaka mitatu tu kabla. Mwaka 2011 mkataba wa hali bora kati ya wenye timu na chama cha wachezaji ulikwisha. Wenye timu wakafunga milango tangu Julai mpaka Desemba: hakuna mazoezi, hakuna mishahara, na msimu ukakatwa kutoka mechi 82 hadi 66. Walipofungua, wachezaji waliokuwa wakipata asilimia 57 ya mapato ya mchezo walikuwa wamesukumwa hadi karibu nusu kwa nusu. Hao ni mafundi bora kuliko wote duniani katika kazi yao. Hakuna awezaye kuleta mbadala wao kutoka kijiji cha jirani. Wakapunguziwa fungu hata hivyo. Wala hakukuwa na kanda ya sauti, na hakuna mdhamini aliyekimbia.

Na yale majengo yake ya kupangisha? Mwaka 2006 Wizara ya Sheria ya Marekani ilimshitaki Sterling kwamba katika majengo yake alikuwa akiwabagua wapangaji weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na familia zenye watoto. Mwaka 2009 akakubali kulipa zaidi ya dola milioni 2.7 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Wakati huo hayo ndiyo yalikuwa malipo makubwa kuliko yote ambayo wizara iliwahi kupata kwenye shauri la aina hiyo. Ligi haikumgusa. Tawi la hapa la NAACP, chama kongwe cha kutetea haki za weusi, lilimpa tuzo mwaka huohuo, na Mei 2014 lilikuwa limejiandaa kumpa nyingine. Kanda ikaharibu sherehe. Mama anayesaka chumba cha watoto wake akizungushwa na kufungiwa mlango, hilo ni shauri la mawakili. Ila neno chafu likimfikia staa, taifa zima linasimama. Silaumu kusimama. Naangalia tu walisimama wapi.

Sasa hesabu, maana najua wewe hutatosheka bila hesabu. Januari ya mwaka ule jarida la Forbes lilikadiria thamani ya Clippers kuwa dola milioni 575. Agosti, baada ya mke wa Sterling kuiuza kupitia amana ya familia, na mzee kupinga mahakamani akashindwa, Steve Ballmer aliyekuwa bosi wa Microsoft aliichukua kwa bilioni 2. Ile faini iliyotangazwa kwa sauti nzito ni kama mtu auze ng'ombe kwa shilingi milioni mbili, kisha mnadani wamtoze 2,500. Timu ilipanda mara 160 tangu 1981. Katika muda huohuo kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu hapa kilitoka dola 3.35 kwa saa hadi 7.25, na kimekwama hapo tangu 2009, ingawa California inalipa zaidi. Nani aliyeipandisha thamani ile? Chris Paul, Griffin na wachezaji wenzao, pamoja na runinga. Miezi miwili baada ya mauzo, ligi ilitia saini haki za matangazo za dola bilioni 24 kwa miaka tisa.

Usije ukadhani mnunuzi alipata hasara. Sheria ya kodi hapa inamruhusu anayenunua timu kukata karibu bei yote aliyolipa kwenye mapato yanayotozwa kodi, kidogokidogo kwa miaka 15, kana kwamba timu ni trekta linalochakaa, ilhali bei yake inapanda. Mwaka 2021 shirika la habari la ProPublica lilipata kumbukumbu za kodi na kuweka watu watatu bega kwa bega kwa mwaka 2018. Mchezaji nyota LeBron James alilipa asilimia 35.9 ya mapato yake. Mfanyakazi wa kuuza vyakula kwenye uwanja ambao Clippers walikuwa wakichezea, mwenye kipato cha kama dola 45,000, alilipa asilimia 14.1. Ballmer alilipa asilimia 12. Hapa hakuna wizi. Kila kitu ni halali. Kinachochakaa kweli, yaani goti la mchezaji, hakina punguzo lolote la kodi.

Utaniambia: wewe unawalilia mamilionea? La hasha. Nawataja kwa kuwa kama wao hupunguziwa, basi pima jirani yangu.

Jirani huyu alikuwa fundi kwenye kiwanda cha ndege kusini mwa California. Alianza akiwa kijana, akitarajia kustaafu humo, kiwanda kikafungwa kabla. Baada ya Vita Baridi viwanda vya namna hiyo vimefungwa huku kimoja baada ya kingine. Sanduku lake la spana bado liko gereji, refu kama kabati, na kila droo ina sponji ngumu iliyokatwa kwa umbo la kila kifaa: bisibisi ina tundu lake, koleo lina lake, mikrometa ina lake. Aliniambia sababu: mwisho wa zamu tundu likiwa wazi, ndege haitoki mpaka kifaa kipatikane, kwa kuwa huenda kimesahaulika ndani ya bawa. Wewe uliyekaa karakana ya reli ungempenda saa hiyohiyo. Leo anaendesha gari la kupeleka wazee kliniki kwa kama nusu ya alichokuwa akipata. Ile wiki timu ya Sterling ilipouzwa, wengine tulikuwa tunashangilia pale barazani kwake. Yeye akasema, "Yule amekosea akaondoka na bilioni mbili. Mimi sikukosea, nikapewa barua ya shukrani." Kisha akainuka kwenda kugeuza nyama.

Ni mweusi, kama unataka kujua. Walioondoka naye siku moja wengi walikuwa weupe, na baadhi yao hadi leo wanaamini kazi zao zilichukuliwa na watu kama mimi.

Januari 2014, kabla ya kanda kutoka, mafundi wa Boeing kule jimbo la Washington walipiga kura juu ya mkataba uliofuta pensheni ya kudumu, ili kampuni isipeleke ndege mpya, 777X, ikajengwe jimbo jingine. Ukapita kwa asilimia 51. Jimbo nalo lilikuwa limeshaahidi kampuni misamaha ya kodi ya dola bilioni 8.7. Ninyi huko mnapigana na kikokotoo cha pensheni, mnajua utamu wake. Septemba 2024 mafundi wale, kama 33,000, waligoma wakidai pensheni irudi. Walikaa nje siku 53, wakapata nyongeza ya asilimia 38 kwa miaka minne. Pensheni haikurudi.

Kuhusu kufukuzwa, basi, umeona. Na Sterling hakuwa wa mwisho. Robert Sarver wa Phoenix Suns, baada ya uchunguzi kuthibitisha kwamba alitumia neno la kibaguzi na kuwatendea isivyo sawa wafanyakazi wanawake, mwaka 2022 alifungiwa mwaka mmoja na faini ya dola milioni 10. Akaamua kuuza. Alikuwa amenunua kwa milioni 401 mwaka 2004. Timu ilithaminiwa bilioni 4.

Umeniuliza pia kama mwana wa Dada Zainabu asome ufundi wa ndege, maana mjomba wake mmoja anamvuta kwenye biashara ya bodaboda. Mwambie asome. Leseni ya ufundi wa ndege bado inaheshimika huku na hata kule Dubai, na mashirika ya ndege yanatafuta watu. Ila siku akipata kazi, kabla ya kuuliza mshahara, aulize kama pale kuna chama, na mkataba wa hali bora unakwisha mwaka gani. Ada ya muhula wa kwanza nitaituma mwisho wa mwezi, kwa simu ya Zainabu, si ya mjomba.

Mdogo wako.