Mluzi Njiani Mai Mahiu

Ndugu msomaji, ukitoka Naivasha kwenda Nairobi kwa barabara ya chini, utapita Mai Mahiu, kisha utaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Nyuma yako umesimama mlima Longonot. Kando ya njia utaona kikanisa kidogo cha mawe, kilichojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita Waitaliano waliokuwa wakichonga barabara hiyo. Hapo ndipo motokaa yetu ilipoanza kupiga mluzi.

Tulikuwa tumetoka kutazama Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, yakatoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, yakarudi tena mwaka 2021 huko Naivasha. Dereva wetu alikuwa mtoto wa ndugu yangu, kijana apendaye magari ya mbio. Lake lina turbo.

Turbo ni nini? Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyoshikwa na mhimili mmoja. La kwanza huzungushwa na moshi utokao katika injini. La pili huvuta hewa safi na kuisukuma ndani kwa nguvu. Mswisi Alfred Büchi aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1905. Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja! Huko juu Limuru, mita zipatazo 2,200, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano. Kwa hiyo turbo ni msaada mkubwa.

Basi, kila kijana alipokanyaga mafuta, mluzi ulilia, na gari likakosa nguvu. Akaniambia kwa huzuni, “Baba Mdogo, mtu mmoja mjini amekwisha niambia turbo imekufa. Nitanunua nyingine kwa fedha za mahari.”

Nikamwambia, “Simamisha kwanza. Tutafute fundi asikilize.”

Fundi tuliyempata hakushika spana. Alichukua kipande cha mpira wa maji, akatia ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha taratibu juu ya mabomba huku kijana akikanyaga mafuta. Mahali pamoja akatulia. Palikuwa na unyevu wa mafuta kwenye maungio ya bomba la hewa.

Akazima injini, akangoja ipoe. Akafungua bomba la mbele ya turbo, akautikisa mhimili kwa vidole. Ulicheza kidogo sana ubavuni, kama ipasavyo. Haukwenda mbele wala nyuma, na mapanga hayakugusa ukuta. “Turbo yako nzima, kijana,” akasema. “Kibano kimelegea, hewa inatoroka.” Akakaza kibano kwa bisibisi. Mluzi ukanyamaza, na fedha za mahari zikabaki salama.

Kabla hatujaondoka, alitufundisha kutofautisha sauti, nami nakuandikia upate faida:

Mluzi au pumzi kubwa wakati wa kupanda, pamoja na kukosa nguvu: mara nyingi hewa inavuja.

Chu-chu-chu unapoachia mafuta: hewa inarudi nyuma kwenye mapanga, tazama kilango cha kutolea hewa.

Kilio kama king’ora, kinachopanda kadiri injini inavyokwenda kasi: huenda beringi zimelika. Usiendelee na safari.

Mkwaruzo wa chuma: mapanga yanagusa ukuta. Zima mara moja, kwa sababu kipande kikivunjika chaweza kuingia katika injini.

Moshi wa buluu pamoja na sauti hizo: mafuta ya injini huenda yanapita penye turbo.

Tena akamwonya kijana: “Ukimaliza mlima kama huu, usizime mara moja. Iache injini iungurume polepole dakika moja au mbili. Turbo ikiwa moto mno, mafuta yaliyosimama ndani yake huungua, na beringi huharibika.”

Tukapanda hadi Limuru kimya, tukisikia injini tu. Nawe msomaji, hata kama chombo chako ni pikipiki au mashine ya kusaga, usikubali kununua kifaa kipya kwa neno la mtu asiyekisikiliza cha zamani. Tega sikio kwanza, kisha fungua mkoba.