Taa Isiyowaka

Gari la baba mdogo lilikuwa na usukani upande wa kulia, kama magari mengi yanayoletwa Burundi kutoka Japani, na sisi huendesha kulia mwa barabara. Asiyewahi kusafiri katika gari la namna hiyo huenda asione tatizo. Dereva akitaka kulipita lori kwenye barabara ya Ngozi kwenda Muyinga, haoni kinachokuja mbele; anayeona ni abiria aliyekaa mbele kushoto. Kwa hiyo kwetu Gashoho kiti hicho hapewi mtu yeyote tu. Mara nyingi alikikalia mama. Baba mdogo aliuliza, "Nipite?" Mama alichungulia, akajibu, "Haya," au, "Ngoja." Kuna "ngoja" moja niliyoisikia nikiwa kiti cha nyuma ambayo hadi leo nikiikumbuka nakaza miguu.

Siku moja taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi: kijitu kimeketi, mbele yake duara. Fundi alisema ni ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari linapogonga. Taa hiyo ikibaki inawaka, maana yake mtambo umejikagua na kukuta kasoro, na huenda mfuko usifumuke siku utakapohitajika. Kutengeneza kungegharimu fedha nyingi, na kifaa chenyewe hakipatikani karibu. Kuizima taa ni rahisi. Alifungua dashibodi, akachomoa balbu ndogo kama punje ya mahindi, akalipwa bei ya bia mbili. Simlaumu sana. Abiria wakiona taa nyekundu huuliza maswali, na dereva wa teksi hapendi maswali. Tulisahau kwa miaka miwili.

Petroli ilipoadimika nchini na madereva wakawa wanalala kwenye foleni za vituo, baba mdogo aliamua kuliuza gari. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Kirundi hakukijua, na baba mdogo hajui Kiswahili. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiswahili, basi niliitwa. Sitaficha kwamba nilijisikia mtu mkubwa. Ilikuwa mara ya kwanza ukoo wetu kuona faida ya masomo yangu.

Yule mzee alizunguka gari, akapiga matairi teke, akafungua boneti. Kisha akaketi nyuma ya usukani na kuzungusha ufunguo nusu, bila kuwasha injini. Gari zima likizungushiwa ufunguo hivyo huwasha taa zake zote za tahadhari, halafu zile zisizo na kasoro huzimika. Wengi wetu tunaogopa taa inayowaka. Yeye alikuwa anatafuta isiyowaka.

"Juu ya nini ya eabegi haionekani?" aliniuliza. (Mwalimu wangu wa sarufi angeipigia mstari mwekundu hiyo "juu ya nini". Watu wa Uvira wanaisema kila siku, na siku ile nilimwelewa vizuri mno.)

Nilimfikishia baba mdogo swali. Alinitazama mimi, hakumtazama mnunuzi.

"Nta ngorane," alisema.

"Hakuna shida, mzee," nikasema.

Tafsiri ilikuwa sahihi kabisa. Darasani tungeipa alama zote. Nilifundishwa kwamba mkalimani haongezi wala hapunguzi, na nilijificha nyuma ya kanuni hiyo huku nikijua mahali balbu ilipokuwa inakaa. Baadaye niliandika karatasi ya mauziano: majina, bei, namba ya chesisi. Sentensi ya mwisho hakuna aliyeniagiza, niliitunga mwenyewe kwa sababu ilisikika vizuri: "Gari liko katika hali njema na mnunuzi ameridhika." Baba mdogo alinipa noti ya faranga elfu kumi.

Miezi kadhaa baadaye, chuoni, nilikuwa natafuta makala ya kutafsiri kwa ajili ya zoezi nikakutana na habari za Takata, kampuni ya Japani iliyotengeneza mifuko ya hewa ya kampuni nyingi za magari. Baruti iliyofumua mifuko hiyo ilikuwa ya amonia naitreti, ambayo kwa miaka ya joto na unyevu huharibika. Ikiharibika hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kikopo cha chuma kinapasuka, na vipande vinamrukia aliyeketi mbele. Magari yaliitwa yarudishwe kwa mamilioni duniani, na Juni 2017 Takata iliomba kufilisika. Kasoro hiyo haina taa. Gari linaweza kuonekana zima siku zote.

Nilivyosoma, Mmarekani akiona kasoro katika gari lake huiandikia idara ya serikali, na malalamiko yakirundikana uchunguzi hufunguliwa. Japani nako, tangu Mei 2018 baadhi ya magari yenye mifuko hiyo ambayo hayajatengenezwa yamekuwa yakikataliwa kwenye ukaguzi. Kwetu kasoro husimuliwa kwenye kituo cha teksi, watu wakacheka, gari likaondoka.

Nilitoa picha ya karatasi ile kwenye simu. Nilijaribu kuiingiza namba ya chesisi kwenye ukurasa wa Wamarekani. Ukataka tarakimu na herufi 17. Magari yaliyotengenezewa soko la Japani yana namba fupi zaidi, herufi chache, kistari, tarakimu. Ukurasa ulikataa. Chini ya namba hiyo, kwa mwandiko wangu, "hali njema".

Nilimpigia yule mzee. Nilimweleza balbu, nikamweleza na hizo habari za Japani, nikamwomba radhi. Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika.

"Mwanangu, ile gari nilishaiuza. Iko Baraka."

"Ulimwambia aliyeinunua?"

"Nilimwonyesha karatasi yako."

Alinipa namba ya mnunuzi huyo, akasema nimwambie mwenyewe, kwa kuwa mwandiko ni wangu. Baba mdogo sikumwambia lolote. Nilijua angenijibu nini. Jumapili nilipiga mara tatu. Ya tatu ilipokewa na mwanamke, na nyuma yake nilisikia injini na watu wakielewana nauli. Alisema mume wake ndiye anayeendesha, hawezi kushika simu, niseme naye.

"Mama, wewe umekaa wapi?" nilimuuliza.

"Mbele," alisema. "Kushoto."

Nikamwomba wasimame kando kwanza.