London: Jiji ambalo polisi hushika doria bila bunduki

UKIPANDA garimoshi katika kituo cha Gare du Nord jijini Paris, huna haja ya kuuliza kama polisi wa Ufaransa wana silaha. Bastola utaiona kiunoni mwa kila afisa wa polisi ya taifa anayepita. Si ajabu pia kupishana na wanajeshi wakitembea pamoja, bunduki vifuani, kama walivyofanya tangu magaidi waushambulie mji huo Januari 2015.

Saa mbili na ushei baadaye, baada ya kupita chini ya bahari, unashuka St Pancras, London. Nilipotoka nje ya kituo nilimkuta polisi akimwelekeza bibi kizee mahali pa kupandia basi. Nilimtazama kiunoni. Alikuwa na rungu, pingu, redio na mkebe wa dawa ya kupuliza machoni. Bunduki hakuwa nayo.

Kwetu Kenya tumezoea kumwona polisi wa doria akiwa na bunduki begani. Kwa hivyo wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba huyu ni askari wa kanjo. Nilimwendea, mikono mifukoni, nikamuuliza njia. Alinijibu kwa upole, hata akanichorea ramani kwenye karatasi.

"Ndugu yangu, hao ndio polisi wenyewe," alinicheka mwenyeji wangu, muuguzi Mkenya aliyeishi huko miaka mingi. "Hapa ukimwona polisi na bunduki, ujue kuna jambo."

Rungu na kayamba

Desturi hiyo ina umri mkubwa. Sir Robert Peel alipoanzisha polisi wa London mwaka 1829, wakazi wa jiji walikuwa na hofu kwamba serikali inawaletea jeshi la kuwakandamiza. Ndipo polisi wakavikwa makoti ya buluu badala ya mekundu yaliyovaliwa na wanajeshi. Walipewa rungu la kufichwa chini ya koti, na chombo cha mbao mfano wa kayamba cha kupigia kelele za kuomba msaada. Hadi leo Waingereza huwaita "bobby", jina la utani la Robert.

Lakini serikali iyo hiyo haikuwatendea wote hivyo. Nchini Ireland ilianzisha polisi waliobeba bunduki na kulala kambini kama askari jeshi. Ilipofika zamu ya makoloni, Kenya ikiwamo, mfano uliofuatwa ulikuwa huo wa Ireland, si wa London. Polisi wa kwetu hakuumbwa awe jirani wa mwananchi. Aliumbwa amlinde mtawala.

Si kwamba London haina bunduki kabisa. Kuna kikosi maalumu ambacho maafisa wake hujitolea wenyewe na kupewa mafunzo makali. Tangu 1991 magari yao huzunguka jijini mchana na usiku, silaha zikiwa tayari. Utawaona pia kwenye viwanja vya ndege, balozi na Bunge. Waliobaki, ambao ndio wengi mno, hawana. Na wenyewe hawalalamiki sana: chama chao kilipowauliza mwaka 2006, asilimia 82 walikataa wazo la kila polisi kubeba bunduki kazini.

Kumbukumbu tatu

"Usidhani ni bure," mwenyeji wangu alisema. "Twende nikuonyeshe."

Tulianzia kwenye lango la Bunge, Westminster. Hapo pana jiwe la kumbukumbu ya Konstebo Keith Palmer. Tarehe 22 Machi 2017 mtu mmoja aliwagonga watu kwa gari kwenye daraja lililo karibu, kisha akaingia langoni na visu. Palmer alimkabili mikono mitupu, akachomwa visu hadi kufa. Muuaji alipigwa risasi na mlinzi wa waziri aliyekuwa karibu. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulibaini kwamba polisi wenye bunduki, ambao wangaliweza kumwokoa, hawakuwa karibu na lango hilo.

Ukisoma jiwe hilo, moyo wako unasema: wapewe bunduki wote!

Kutoka hapo tulikata bustani ya St James's Park mpaka uwanja wa St James's Square. Hapa ndipo alipoanguka Konstebo Yvonne Fletcher, msichana wa miaka 25, tarehe 17 Aprili 1984. Alikuwa akilinda maandamano mbele ya ubalozi wa Libya wakati risasi zilipomiminwa kutoka dirishani. Mchumba wake, naye polisi, alikuwapo siku hiyo. Ubalozi ulizingirwa siku 11, na kofia ya marehemu ikabaki barabarani.

Nilisimama hapo nikiwaza. Je, bastola kiunoni ingemfaa nini mtu aliyepigwa risasi kutoka dirishani, asijue hata inatoka wapi?

Kisha tulipanda garimoshi la chini ya ardhi kutoka Green Park. Kituo cha nne ni Stockwell, kusini mwa Mto Thames. Nje ya kituo kuna picha iliyotengenezwa kwa vipande vidogo vidogo vya vigae: uso wa kijana Jean Charles de Menezes, fundi wa umeme kutoka Brazil, aliyekuwa na miaka 27.

Mwezi Julai 2005 mabomu yaliua watu 52 jijini. Wiki mbili baadaye wengine walijaribu tena wakashindwa. Siku iliyofuata, tarehe 22, polisi walimfuata kijana huyu wakidhani ni mmoja wa waliotoroka, kwa sababu tu aliishi katika jengo walilokuwa wakilichunguza. Aliingia ndani ya garimoshi, akaketi. Walimpiga risasi saba kichwani. Hakuwa na bomu wala kisu.

Mwaka 2007 idara ya polisi ilipatikana na hatia ya kuhatarisha usalama wa umma, ikatozwa faini ya pauni 175,000. Hakuna afisa hata mmoja aliyeshtakiwa kwa kifo hicho.

Jeraha hilo halijapona. Mwaka 2022, huko huko kusini mwa jiji, Chris Kaba, kijana mweusi wa miaka 24, alipigwa risasi akiwa ndani ya gari, hana bunduki. Afisa aliyefyatua aliposhtakiwa kwa mauaji mwaka 2023, wenzake wengi walirudisha silaha kwa hasira. Mahakama ilimwachilia huru mwaka 2024, na hadi leo watu wanabishana.

Kumbukumbu tatu, na kila moja ina somo lake. Pa Palmer, bunduki ingeweza kuokoa. Pa Fletcher isingesaidia. Pa Menezes ndiyo iliyoua. Anayetaka kuamua kwa kutazama jiwe moja tu atakosea.

"Mimi nina mvulana wa miaka 17," mwenyeji wangu alisema tukirudi. "Polisi wa rungu akikosea, mwanangu atarudi nyumbani na nundu. Wa bunduki akikosea, harudi."

Siku ya kuondoka, katika uwanja wa ndege wa Heathrow, nilikutana na polisi wawili, bunduki nyeusi zimening'inia vifuani. Hawakuniangalia hata kidogo. Lakini nilijikuta nimepunguza mwendo, na mikono nimekwisha kuitoa mifukoni.