Mchezaji Atakayetajwa Baadaye

Kazi yangu Marekani ilikuwa kutunza kumbukumbu za futiboli ya kule, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Waandishi walinipigia simu wakitaka jibu la papo hapo: katika uhamisho fulani wa zamani, timu ipi ilifaidi na ipi ilipunjwa? Niliwaomba muda. Mikataba mingi ya enzi hizo iliuza mbuzi kwenye gunia: zamu za kuchagua vijana wa vyuo miaka ijayo, au mchezaji atakayetajwa baadaye.

Mwaka 1959 Los Angeles Rams walimchukua mkimbiaji Ollie Matson, mshindi wa medali mbili za Olimpiki ya Helsinki 1952, kutoka Chicago Cardinals. Uhamisho huo unasifika kuwa wa mtu mmoja kwa tisa. Ukihesabu majina, yanaishia saba. Wa nane ni zamu ya kuchagua mwaka uliofuata. Wa tisa, mchezaji wa kukabidhiwa kambini. Msimu huo kila moja ya timu hizo mbili ilishinda mechi mbili na kupoteza kumi. Tangu hapo wingi wa vichwa haukunitisha.

Uhamisho ulionifunza zaidi ni wa mkimbiaji Herschel Walker. Tarehe 12 Oktoba 1989 Dallas Cowboys, timu iliyoambulia ushindi mmoja katika mechi 16 za msimu ule, ilimpeleka kwa Minnesota Vikings. Kocha wa Dallas, Jimmy Johnson, alipokea wachezaji watano na zamu kadhaa, nyingine zikiwa na masharti: Dallas ikimwacha mchezaji fulani kabla ya tarehe iliyowekwa, inapata zamu iliyofungamanishwa naye. Minnesota ilihesabu wachezaji. Johnson alihesabu zamu. Moja, ya 21 mwaka 1990, aliibadilisha pamoja na nyingine akapanda hadi ya 17, akamchagua Emmitt Smith. Smith alistaafu na yadi 18,355, nyingi kuliko mkimbiaji yeyote wa NFL, ligi ya mchezo huo, na Dallas ikatwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, mara tatu katika misimu minne.

Wengi husema Walker alibadilishwa kwa Smith. Nilikataa kuandika hivyo. Siku ya mkataba Smith alikuwa bado anachezea Chuo Kikuu cha Florida. Angeweza kuumia, au kuwahiwa na timu nyingine. Johnson alinunua haki ya kuchagua mara nyingi, ili akikosea mara moja asiangamie.

Kwa hiyo vijana waliokuja kufanya kazi chini yangu niliwafundisha kuchora safu mbili. Ya kwanza: kilichojulikana siku ya kusaini, na hapo ndipo busara ya viongozi inapopimwa. Ya pili: kilichotokea baadaye, kuanzia majeraha hadi jicho la wanaochagua na bahati. Na mchezaji asiyetajwa atafutwe katika orodha za kambi na magazeti ya mwaka uliofuata hadi apate jina, hata kama hakuwahi kucheza mechi moja. Naye alikuwa sehemu ya bei, na hesabu isiyomtaja haijakamilika.