Bega la Mgonjwa na Haki ya Kuambiwa

Hapa Dodoma tunajivunia, na tuna sababu, huduma za kibingwa ambazo zamani zilimlazimu mgonjwa kusafiri hadi Muhimbili. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyozinduliwa mwaka 2015 jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ni mfano mmoja. Katika hotuba zetu tunahesabu majengo, mashine na vitanda. Sijasikia bado hotuba inayohesabu maneno ambayo mgonjwa aliambiwa kabla ya kuruhusiwa.

Nitoe mfano. Dada yangu alifanyiwa upasuaji wa matundu madogo katika hospitali moja nje ya mkoa wetu, ili kuondoa uvimbe kwenye ovari. Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya pili aliruhusiwa, akapanda basi kurudi Kongwa. Akiwa njiani, bega la kulia lilianza kumchoma kwa ukali. Tumbo lililopasuliwa lilikuwa na nafuu kuliko bega ambalo hakuna aliyeligusa. Nyumbani, mmoja alisema ni moyo. Mwingine alinong'ona kwamba madaktari wamesahau kitu ndani. Shangazi akataka apelekwe kwa mganga. Karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa kwa Kiingereza, na kuhusu bega haikuwa na neno.

Sababu yenyewe inajulikana. Katika upasuaji huu, tumbo hujazwa hewa ukaa ili daktari apate nafasi ya kuona na kufanya kazi. Hewa hiyo, na jinsi inavyotanua tumbo, husumbua kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Neva ya kiwambo hutoka shingoni, mahali pale pale zinapotoka neva za ngozi ya bega. Kwa hiyo ubongo hudhani bega ndilo linaloumia. Mgonjwa akikaa wima, hewa iliyobaki hupanda juu na maumivu huzidi. Fikiria basi saa kadhaa kwenye kiti cha basi! Katika baadhi ya tafiti, zaidi ya nusu ya wanawake waliofanyiwa upasuaji wa namna hii walipata maumivu haya. Kwa kawaida huisha ndani ya siku chache.

Njia za kuyapunguza hazihitaji mashine mpya. Daktari anaweza kutumia mgandamizo mdogo wa hewa pale hali inaporuhusu. Mwishoni anaweza kuitoa hewa kwa makini kabla ya kufunga matundu, huku mtaalamu wa usingizi akiyajaza mapafu mara kadhaa ili kiwambo kiisukume nje. Baadaye, dawa za kawaida za maumivu, kulala chali na kutembea taratibu husaidia.

Lakini kuna tiba isiyogharimu hata shilingi: kumwambia mgonjwa mapema. Maumivu yaliyotarajiwa huvumilika; yasiyo na jina huzaa hofu, nauli za bure na tuhuma dhidi ya madaktari walioifanya kazi yao vizuri. Vilevile, aliyeelezwa ndiye anayeweza kutofautisha. Akipata shida ya kupumua, maumivu ya kifua, homa, mguu kuvimba au tumbo kuuma zaidi kila siku, atajua kuwa hilo si jambo la kusubiri, bali la kurudi hospitali mara moja.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Walikuwa wakitufundisha huruma. Sisi tumeugeuza usemi huo kuwa utaratibu wa utawala: mgonjwa haulizwi, wala haambiwi. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 18, inatambua haki ya raia kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Mara nyingi tunaisoma ibara hiyo tukifikiria magazeti na Bunge. Sioni kwa nini iishie mlangoni mwa wodi.

Ndugu msomaji, siwalaumu wauguzi wanaohudumia wodi nzima wakiwa wawili. Ninachokiomba Wizara ya Afya na hospitali zetu ni kidogo: nusu ukurasa wa Kiswahili kwa kila aina ya upasuaji, ukieleza kitakachouma, kwa muda gani, na lini mgonjwa arudi, kisha mtu mmoja amsomee asiyejua kusoma. Taifa linaloweza kununua kamera ya kuingia tumboni mwa mwanamke haliwezi kushindwa kumweleza, kwa lugha yake, kwa nini bega linamuuma.