Theluthi Inayobaki

Wanauchumi wetu wameandika mengi kuhusu mikopo midogo, lakini sijaona andiko lao lililofikia usahihi wa maneno mawili yaliyotungwa mtaani na watu tusiowajua: kausha damu. Aliyeyatunga hakuona haja ya kutenganisha mfuko na mwili. Alijua kwamba fedha ikitoka mfukoni kwa namna fulani, kuna kitu kingine kinachotoka pamoja nayo, na kwamba kitu hicho hakirudi hata rejesho la mwisho linapolipwa. Sisi wasomi ndio tuliogawa mambo hayo mafungu mawili, tukaiweka afya katika wizara moja na fedha katika wizara nyingine, kisha tukachapisha vipeperushi viwili tofauti vya kumfundisha mwananchi yuleyule namna ya kuishi.

Nimetoka Kinampanda, wilayani Iramba, ninakokwenda kila likizo ndefu kwa sababu ndiko waliko ndugu zangu wa upande wa mama. Kwa msomaji asiyekufahamu, ni nchi ya alizeti, uwele na mtama, yenye msimu mmoja wa mvua, na yenye chuo cha ualimu ambacho chimbuko lake ni misheni ya Kilutheri. Kwa hiyo ni mahali pa walimu: wanaosomea ualimu, wanaofundisha, na waliostaafu wakajenga hapohapo. Anayetaka kujua mtumishi wa umma wa ngazi ya chini anaishije hahitaji ripoti ya mshauri mwelekezi. Akae pale siku nne baada ya mshahara kuingia.

Kila mtumishi wa umma anaijua kanuni ya theluthi. Makato yote yakijumlishwa, ya lazima na ya hiari, ni lazima theluthi moja ya mshahara ibaki mikononi mwa aliyeufanyia kazi. Tuchukue kima cha chini cha shilingi 500,000, kile ambacho Rais Samia Suluhu Hassan alikitangaza palepale mjini Singida katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2025, akikipandisha kutoka shilingi 370,000. Mchango wa hifadhi ya jamii ni asilimia 5, yaani 25,000. Bima ya afya ni asilimia 3, yaani 15,000. Chama cha walimu, kwa aliye mwanachama, hukata asilimia 2, nayo ni 10,000. Kodi ya mapato inakuja kama 16,400. Zinabaki 433,600. Hapo ndipo benki na taasisi za mikopo zinapoingia, nazo zinaruhusiwa kula mpaka wabaki na takriban 167,000. Hawawezi kuvuka hapo, kwa sababu mfumo wa mishahara utakataa.

Naiheshimu kanuni hiyo. Aliyeitunga alielewa kwamba mtu hawezi kuishi kwa shukrani, na kwamba lazima kiwepo kiasi ambacho mdai yeyote, hata akiwa na haki, hakigusi: fedha ya unga, ya sabuni, ya nauli ya kwenda zahanati. Lakini kanuni inalinda kilichoandikwa kwenye hati ya mshahara tu. Kausha damu hayumo kwenye hati. Yeye anaanzia pale sheria inapoishia. Chakula chake ni theluthi ileile iliyoachwa kwa ajili ya uhai. Benki ikishachukua yake kihalali na kuondoka, yeye ndiye anayekuja na kuketi.

Mtoto wa mjomba wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na kadi mbili. Kadi ya bima ya afya ilikuwa mfukoni mwake. Kadi ya benki ilikuwa kwenye droo ya mkopeshaji pamoja na namba yake ya siri. Alikopa shilingi 300,000 mwanawe alipochaguliwa kuingia kidato cha tano mkoa wa mbali: godoro, sanduku, sare, nauli ya watu wawili. Riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi. Kila mshahara ulipoingia, mkopeshaji alikwenda mwenyewe kwenye mashine, akatoa 60,000 yake ya riba, akatoa na «ada ya kuhifadhi kadi» (naomba msomaji aisome ada hiyo mara mbili), kisha akampa mwenye mshahara kilichosalia. Deni lenyewe halikuguswa. Kwa miezi 14 alilipa riba ya shilingi 840,000, na mwezi wa kumi na tano ulipofika alikuwa bado anadaiwa 300,000.

Katika mwezi wa tisa wa deni hilo aligundulika kuwa na shinikizo la damu. Muuguzi alimweleza vizuri, kama alivyofundishwa: apunguze chumvi na mafuta, afanye mazoezi, alale vya kutosha, aepuke mawazo. Alinisimulia akicheka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Yeye anatembea saa nzima kwenda shuleni na saa nzima kurudi, kwa hiyo anazimaliza Jumanne asubuhi kabla ya kengele. Chumvi wanasema isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Sawa, hilo analiweza. Mafuta ya alizeti yanakamuliwa mlangoni pake, lakini yananunuliwa, na kwa mfuko ule yalikuwa yamekwisha kujipunguza yenyewe. Chakula chake ni ugali wa uwele na mlenda, ambacho mabingwa wa lishe wa mjini wanakihubiri siku hizi kana kwamba wamekivumbua wao. Yaliyobaki ni usingizi na mawazo. Usingizi alikuwa ameuuza: jioni alifundisha masomo ya ziada, na usiku aliendesha bodaboda ya mtu mwingine hadi saa sita, ili kufidia theluthi iliyokuwa inakwenda.

Dawa ni suala la kadi ya kwanza, na kadi hiyo ilifanya kazi. Bima ililipia vidonge. Haikulipia nauli ya kuvifuata. Katika miezi miwili ambayo mkopeshaji alichelewa kumpa salio lake, hakwenda kuvichukua. Asubuhi moja mkono wake wa kushoto ulikufa ganzi akiwa ubaoni, na wanafunzi wa darasa la tano wakamshuhudia mwalimu wao akitafuta neno asilipate. Alipata matibabu mapema, na sasa mkono unafanya kazi, ingawa vifungo vya shati anafungiwa na mkewe.

Natambua kwamba watakuwapo wasomaji watakaouliza kwa nini alikopa. Swali hilo lina wasemaji wengi katika nchi hii; wanakodisha kumbi na kutoza kiingilio. Wanatuambia amka saa kumi alfajiri, kunywa maji ya uvuguvugu, weka akiba asilimia 10 kabla hujatumia hata senti. Si ushauri mbaya. Ubaya wake ni kwamba unamdhania mtu ambaye mshahara wake unamfikia mwenyewe kwanza. Anayeambiwa ajilipe kwanza hawezi kufanya hivyo ikiwa mwingine ndiye anayesimama mbele ya mashine.

Tumewahi kufikiri vizuri zaidi ya hapo. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya «Mtu ni Afya». Watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Wakakutana mahali pamoja, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu na kiongozi wao, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe watakalofanya kabla ya kukutana tena: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi ya mbu. Sisemi kwamba zama zile zilikuwa za dhahabu. Wakati huohuo watu walikuwa wakihamishwa makwao kwa nguvu kupelekwa vijijini, na hilo pia lilikuwa na madhara kwa afya. Lakini kuna jambo moja ambalo kampeni ile ililielewa, nasi tumelisahau. Mazoea mema hayaanzi ndani ya moyo wa mtu mmoja mwenye nia kali. Yanaanza watu wanapokuwa na siku, mahali, na wenzao watakaouliza «mwenzetu yuko wapi leo?»

Mama yangu mdogo, ambaye hajawahi kuhudhuria semina ya ujasiriamali, yumo katika kikundi cha wanawake 25 kinachokutana kila Alhamisi alasiri. Wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanazo wanawake watatu wa kaya tofauti, na mtunza sanduku hana hata mmoja. Hisa ni shilingi 2,000, na mtu hununua hisa moja hadi tano kwa wiki kadiri alivyojaliwa. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa za mtu, unarejeshwa ndani ya miezi mitatu, na riba yake ni asilimia 5 ya mkopo wote, nayo inarudi kwao wenyewe wakati wa gawio. Mzunguko wanauvunja Novemba, kabla ya mvua, kwa sababu hapo ndipo mbegu na kibarua vinapohitaji fedha. Ni hesabu ya watu wanaojua kalenda ya ardhi yao: alizeti inauzwa baada ya mavuno, wakati kila mtu anauza na bei imelala, lakini njaa na ada havingoji mavuno.

Kilichonivutia zaidi ni mfuko wa jamii. Kila mwanachama hutia 500 kila wiki pembeni ya hisa. Fedha hiyo haina riba. Inatolewa kwa ugonjwa na msiba, hapohapo, bila kikao. Katika sanduku lile afya na fedha zinalala pamoja. Wanawake wale wamejiwekea theluthi yao ambayo hakuna anayeigusa, wakaifungia kwa kufuli tatu, jambo ambalo kanuni ya serikali imeshindwa kulifanya kwa mwalimu mwenye ajira ya kudumu.

Na si kwamba sheria hazipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018. Inataka kila mkopeshaji awe na leseni, na inavitambua hata vikundi kama kile cha mama mdogo. Mwongozo wa Benki Kuu unataka riba ya wakopeshaji wa daraja la pili isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa deni la binamu yangu, hiyo ingekuwa shilingi 10,500, badala ya 60,000. Mwishoni mwa mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zinazokopesha bila kibali, na wengi tulishangilia. Lakini mwenye droo iliyojaa kadi za walimu hana programu. Ana duka, ana kibao, na pengine anasalimiana kila asubuhi na maofisa wanaopaswa kumuuliza leseni iko wapi. Nawaandikia hasa watumishi wenzangu wa halmashauri mnaosoma hapa: hamhitaji waraka mpya. Kadi ya benki ya mtu ikikutwa kwa mtu mwingine pamoja na namba ya siri, hapo pana jambo la kuuliza, na mnajua ni mlango upi wa kubisha.

Kwa wanafunzi wa ualimu wa Kinampanda, walioniuliza baada ya ibada ni nini wafanye na mshahara wao wa kwanza, nilisema machache. Wasisaini mkopo wowote katika miezi sita ya mwanzo, maana mawakala wa mikopo watawafikia kituoni kabla ya mwalimu mkuu hajawapa ratiba. Wajiunge na ushirika wa akiba wa walimu mahali watakapopangiwa, au waanzishe kikundi shuleni hata wakiwa watano. Wapime shinikizo la damu mara moja kwa mwaka, hata sasa wakiwa na miaka 22. Msichana mmoja akaniuliza: na malimbikizo ya mishahara je, serikali inapochelewa kulipa, nayo tuipime nini? Wenzake walicheka, mimi nilimwambia aliandike swali hilo na aliulize kwenye mkutano wa kwanza wa chama chake cha wafanyakazi, kisha aliulize tena kwenye wa pili.

Mke wa binamu yangu alikuwa na hisa za shilingi 110,000 katika kikundi cha mama mdogo. Mwezi wa Machi alikopa 300,000, wakaenda wote wawili, pamoja na mwenye ufunguo mmoja kama shahidi, wakalipa deni na kudai kadi. Mkopeshaji alisema kadi haionekani, arudi wiki ijayo. Mwenye ufunguo akaketi kwenye kiti cha wateja na kusema ataingoja. Ilionekana baada ya nusu saa. Siku hiyohiyo binamu alibadilisha namba ya siri. Nilipoondoka walikuwa wamebakiza rejesho moja la shilingi 105,000, pikipiki ilikuwa imerudishwa kwa mwenyewe, na nauli ya kwenda kuchukua dawa za mwezi ujao ilikuwa imekunjwa ndani ya daftari la maandalio ya masomo.